Kichwa cha treni cha dizeli: lawama zinapopatia na zinapokosea

Tangu Madaraka Express ianze safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na zaidi tangu treni ya umeme ya Tanzania ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kila penye mazungumzo ya reli huulizwa: ni nani bado ananunua kichwa cha dizeli? Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba wanaolijibu, watetezi na walaumu, mara nyingi wana picha ya kichwa cha miaka ya 1970, chenye moshi mweusi na mngurumo usiokoma. Tukipime kwa kile kinachoundwa sasa hivi. Mfano unaofaa zaidi ni Charger ya Siemens, inayotengenezwa Sacramento, California, kwa ajili ya Amtrak (shirika la treni za abiria la Marekani), kampuni binafsi ya Brightline ya Florida na majimbo kadhaa ya Marekani. VIA Rail ya Kanada nayo inaitumia.

Jina "dizeli" lenyewe linaficha jambo. Magurudumu ya kichwa hiki yanazungushwa na mota za umeme, moja kwa kila ekseli, ekseli nne kwa jumla. Injini ya dizeli kazi yake ni kuzungusha altaneta tu, yaani jenereta ya umeme. Umeme wa altaneta unanyooshwa kuwa wa mkondo mmoja (DC), kisha inveta zinaukatakata upya kuwa umeme wa fezi tatu wenye masafa yanayolingana na mwendo unaotakiwa. Kwa hiyo kuanzia hapo kwenda chini hadi kwenye reli, kichwa hiki na kile cha umeme kinachotumia waya wa juu ni ndugu wa tumbo moja.

Kiwandani kazi huanza na chuma. Fremu na mbavu huchomelewa kwanza, pamoja na nguzo nene za mbele zinazomlinda dereva. Kanuni za Marekani zinataka mwili wa kichwa uhimili mgandamizo wa pauni 800,000, karibu tani 363, bila kupinda. Bodi likishapigwa rangi huingizwa mabomba na nyaya kabla ya mtambo wowote mkubwa, kwa sababu ukishateremsha injini huna tena nafasi ya kupitisha mkono. Injini ni Cummins QSK95 kutoka Seymour, Indiana: silinda 16, lita 95, nguvu farasi 4,400. Mota zinatoka Norwood, Ohio. Mwisho bodi hukalishwa juu ya bogi mbili, yaani fremu zinazobeba magurudumu, likapimwa uzito gurudumu kwa gurudumu, kisha injini hufanyizwa kazi ya nguvu zote huku kichwa kimesimama, umeme wake ukimalizikia kwenye vipinga vinavyougeuza kuwa joto. Hapo ndipo uvujaji wa maji, joto la kupita kiasi na nyaya zilizofungwa vibaya hujitokeza. Kasoro ya hapo hutatuliwa kwa saa chache. Ikitoka nje ya lango, inamkuta abiria njiani.

Malalamiko ya kelele yana historia yake. Kichwa cha zamani cha Amtrak, F40PH, kilitoa umeme wa taa na viyoyozi vya mabehewa kwa jenereta iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini kuu. Ili kupata masafa ya hezi 60, injini ililazimika kukaa mizunguko 893 kwa dakika muda wote, hata treni ikiwa imesimama stesheni. Waliokuwa wakiishi karibu na stesheni walikuwa na haki kabisa ya kulalamika. Kwenye Charger, umeme wa mabehewa (volti 480) unachotwa baada ya kunyooshwa na kupitia inveta yake wenyewe, hivyo injini inaweza kushusha mwendo mzigo ukiwa mdogo. Hapa lawama za zamani zimekwisha nguvu, na anayezirudia leo anakilaumu kichwa kisichohusika.

Moshi nao umepungua kweli, ila kwa gharama. Tangu Januari 2015 Marekani inataka kichwa kipya kitoe chini ya gramu 1.3 za oksidi za nitrojeni kwa kila nguvu farasi kwa saa, na masizi yasizidi gramu 0.03. Cummins walilifikia lengo hilo kwa kunyunyizia myeyusho wa urea kwenye moshi kabla haujapita kwenye kichocheo kinachousafisha. Mfumo huo unafanya kazi vizuri injini ikiwa na mzigo. Injini ikiachwa iungurume bure kwa muda mrefu, moshi haupati joto la kutosha, urea haivunjiki yote, inaganda ukutani mwa bomba kama chokaa na kuziba. Isitoshe, myeyusho wenyewe huganda kwenye nyuzi -11 za Selsiasi, kwa hiyo tangi na mabomba yake yote lazima yawe na vipasha joto. Kila kipasha joto ni kifaa kimoja zaidi cha kuharibika. Ongeza theluji laini ya majira ya baridi ya Chicago inayopenya vichujio vya hewa na kuyeyukia kwenye makabati ya umeme, utaelewa kwa nini abiria wa huko hawavutiwi na maelezo ya usafi wa moshi treni inapokwama. Mimi naona lawama hii ni ya kweli na haijajibiwa vya kutosha: kichwa kipya kilipaswa kuja na ustahimilivu wa hali ya hewa kabla ya kuja na pua ya kuvutia.

Lawama nyingine zimeelekezwa pasipostahili. "Dizeli ni polepole" ni mojawapo. Treni za dizeli za mwendo kasi za HST zilikimbia kilomita 201 kwa saa Uingereza tangu 1976, na Charger za Brightline zinafikia mwendo huo huo Florida leo. Lakini Charger hiyo hiyo ikivuta treni ya Amtrak iitwayo Empire Builder kutoka Chicago kwenda Seattle haipiti kilomita 127 kwa saa, kwa sababu ya reli na ishara za njia ile. Vivyo hivyo kwetu: kilomita 120 za Madaraka dhidi ya 160 za Tanzania ni tofauti ya jinsi njia nzima ilivyosanifiwa, ishara na vichwa vilivyochaguliwa kulingana nayo. Kumpa sifa au lawama zote mnunuzi wa dizeli ni kukosea shabaha.

Kanada nako, Oktoba 2024, kampuni ya CN, inayomiliki reli, iliziamuru treni mpya za VIA zipunguze mwendo kwenye makutano ya barabara na reli. Wengi walidhani vichwa ni vibovu. Shaka ilikuwa kwenye idadi ya ekseli. Treni ni fupi, na magurudumu yake yangeweza kushindwa kuunganisha umeme mdogo unaopita kwenye reli ili kuamsha kengele na vizuizi. Kichwa kizima, kasoro ipo mahali ambapo chuma hugusana na chuma.

Sasa tuje kwenye hoja kubwa, waya. Empire Builder husafiri kilomita 3,550, mara moja kwa siku kila upande, kwa sehemu kubwa juu ya reli ya kampuni binafsi ya mizigo. Kutandaza waya, nguzo na vituo vya kupozea umeme umbali huo kwa ajili ya treni mbili kwa siku hakuwezi kulipa. Hapo dizeli inastahili bila ubishi. Mombasa–Nairobi ni habari nyingine: njia ni moja, ni ya nchi yenyewe, ina treni za mizigo kila siku juu ya zile za abiria, na Kenya inazalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa jotoardhi ya Olkaria na vyanzo vingine visivyo na moshi. Ethiopia ilijenga reli ya umeme ya Addis Ababa–Djibouti katika kipindi kile kile. Upande wa pili, waya una udhaifu ambao dizeli haina. Umeme ukikatika sehemu moja, kila treni kwenye sehemu hiyo inasimama, na abiria wa Tanzania wameshaonja hali hiyo. Kichwa cha dizeli kikifa, kimekufa peke yake.

Hata hivyo, watetezi wa dizeli nchini Kenya wakitolea mfano Charger, wanachanganya mambo. Kwanza, Charger ina tani takriban 120 juu ya ekseli nne, yaani 30 kwa ekseli, ilhali reli ya kisasa (SGR) ya Kenya imesanifiwa kwa tani 25. Haiwezi kupita. (Ile ya Tanzania imesanifiwa kwa 35.) Pili, vichwa vya abiria vya Kenya ni DF11 vya kiwanda cha Qishuyan cha China, muundo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, tani 138 juu ya ekseli sita, vyenye mota za mkondo mmoja. Mota hizo zina brashi za kaboni zinazolika na kuhitaji kukaguliwa mara kwa mara, lakini fundi wa karakana mwenye geji na macho mazuri anazimudu. Inveta ikiungua, fundi huyo huyo anasubiri kadi ya elektroniki kutoka nje ya nchi. Tatu ni mafuta: mtambo wa urea wa Charger umejengwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na Afrika Mashariki mwaka 2015 ilishusha kiwango chake hadi 50. Ukinunua injini safi, inunulie na mafuta yake.

Bei nayo inafundisha. Mwaka 2014 majimbo ya Marekani yaliagiza Charger 32 kwa dola milioni 225, wastani wa milioni 7 kila kimoja. Mwaka 2018 Amtrak iliagiza 75 kwa milioni 850, zaidi ya milioni 11 kila kimoja, lakini mkataba huo ulifungamana na vipuri na msaada wa kiufundi wa miaka kadhaa. Gazeti likiandika bei kwa kichwa bila kusema kilichomo, msomaji anaamini ameibiwa, au anaamini amepata bahati, na yote mawili huenda si kweli.

Mhandisi wa Kenya atakayeandika zabuni ijayo anaweza kujifunza kutoka treni mpya za Airo za Amtrak. Charger za baadhi ya treni hizo zinaungwa na behewa lenye pantografu (mkono unaochukua umeme kwenye waya wa juu) na transfoma. Penye waya, umeme huingia hapo na kwenda kwenye mota zile zile, na waya ukiisha dizeli inawashwa. Kipengele cha kuandika ni hiki: kichwa kiwe na plagi ya kupokea umeme wa nje kwenye mkondo wake mmoja kabla ya inveta, ekseli isizidi tani 25, na vipuri vya miaka kumi vihesabiwe ndani ya bei. Hapo sehemu ya Mombasa hadi Mariakani ikiwekewa waya kwanza, vichwa vilivyokwishanunuliwa vitautumia siku hiyo hiyo.