Meseji ya bei haimfukuzi broka

Kila mwaka hapa Nairobi lazima itokee startapu mpya, kampuni changa ya teknolojia, inayosema imekuja kuondoa mabroka. Nenda pale Ngong Road ilikoanzia iHub, kituo cha watu wa startapu, mwaka 2010, utaonyeshwa slaidi safi kabisa, mkulima upande huu, mnunuzi upande ule, katikati simu peke yake. Halafu shuka Marikiti, soko la Wakulima, saa kumi alfajiri malori yakishusha viazi na kabeji, broka bado yupo, na siku hizi ana smatifoni mbili. Sasa tuulizane bila kutukanana, hii teknolojia imemsaidia mkulima mdogo ama imesaidia watu wengine kabisa?

Kuna wanaosema imebadilisha kila kitu na kuna wanaosema ni kelele za wafadhili, na mimi naona wote wanachanganya habari za aina mbili. Kuna habari unayoitumia ndani ya boma lako bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, na kuna habari ambayo ili ikufae lazima mtu mwingine akubali. Ya kwanza simu imeiweza vizuri sana. Ya pili, bado sana.

Chukua ng'ombe. iCow, huduma ya meseji za wafugaji ya Su Kahumbu, ilianza 2011, ulikuwa unabonyeza *285# hata na kabambe, ile simu ya vitufe, unasajili ng'ombe wako na meseji zinaanza kuingia kulingana na mahali amefika, mara ukumbushwe siku za joto, yaani akitaka dume, mara jinsi ya kumlisha akiwa na mimba. Mtu ambaye hajawahi kufuga anaona ni kitu kidogo. Lakini ng'ombe anarudi kwenye joto kila baada ya siku kama 21, na joto lenyewe halimalizi siku nzima, ukiliona asubuhi unaita daktari wa kupandisha aje jioni, ukizubaa ndio hivyo, utakaa wiki tatu zingine unalisha mnyama ambaye hajashika mimba na chakula cha dukani hakikungoji. Hapo hakuna wa kubishana naye, ni wewe na ng'ombe wako. Ndio maana hata viwavi jeshi walipoingia kwenye mahindi mwaka 2017, apu kama Nuru ya PlantVillage ilikuwa na maana, unaelekeza kamera kwa jani na inakuambia kama ni wao, kwa Kiswahili, na si lazima uwe na bando. Afisa wa ugani unaweza kumaliza msimu mzima hujamuona. Hata hizi grupu za WhatsApp, pamoja na wale jamaa wa kuuza dawa za ajabu ajabu, mtu anatuma picha ya nyanya zimeoza chini na kabla ya chai ya saa nne ameshaambiwa ni kalsiamu na maji yasiyo na mpango.

Na kama tunataka kusema ukweli, kitu kilichomsaidia mkulima zaidi hakikutengenezwa kwa ajili yake. M-Pesa ilikuja 2007 kutuma pesa nyumbani, basi. Lakini hizo pesa zikatoka Kayole, mtaa wa Nairobi, zikafika ushago, nyumbani kijijini, wakati wa kupanda, mbegu ikanunuliwa mapema, mtu wa maziwa akalipwa bila kupanda matatu mpaka mjini.

Sasa tuje kwa bei, hapa ndio slaidi zinadanganya. M-Farm ilianzishwa 2010 na wanawake watatu hapa Nairobi, ulikuwa unatuma meseji unapata bei ya soko. Wazo lilikuwa zuri na si la kuchekwa, na wao wenyewe hawakuishia kwa bei, waliongeza wakulima kuuza pamoja na kununua pembejeo pamoja. Nadhani hilo linakuambia kitu.

Watu wa teknolojia wanapenda kutaja wavuvi wa Kerala kule India. Simu zilipofika huko mwishoni mwa miaka ya 90, mvuvi akiwa bado baharini anapiga kuuliza ufuo gani una wanunuzi, na utafiti wa Robert Jensen uliochapishwa 2007 ulionyesha faida yao ilipanda kwa kama asilimia 8 na mlaji akalipa kama asilimia 4 chini. Ni kweli kabisa. Lakini angalia vizuri, mvuvi ana boti, akisikia bei mbaya anageuza. Huko huko India, jimbo la Maharashtra, watafiti Fafchamps na Minten waliwapa wakulima meseji za bei na hali ya hewa bure mwaka mzima, na bei waliyouzia haikuwa na tofauti ya maana na ya wale ambao hawakupewa. Wakulima hao hawakukosa akili. Kujua bei ni kitu kimoja, kufika kwenye hiyo bei ni kingine.

Shangazi yangu analima viazi upande wa Kinangop. Siku moja nikiwa kwake meseji ilikuwa imeingia, bei ya gunia Nairobi, karibu mara mbili ya ile broka alikuwa anatoa pale getini. Akamuonyesha simu. Broka akasoma, akarudisha simu kwa adabu zote, akasema, "Mama, hiyo ni bei ya Nairobi. Si uvipeleke basi." Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, barabara unaijua, viazi vimeshachimbwa viko chini ya turubai vinaanza kuharibika, na karo inangoja. Akauza. Hiyo meseji ilimuongezea hasira tu, kwa sababu zamani angalau aliibiwa bila kujua.

Na sitaki broka awe shetani wa kila hadithi. Yeye ndiye mwenye lori, ndiye analipa kesh pale pale, ndiye anabeba hasara zikiozea njiani. Ukimuondoa lazima mtu afanye hiyo kazi, na haifanywi na apu. Twiga Foods, kampuni ya kununua mazao kwa wakulima na kuyapelekea maduka, waliliona hilo, walianza 2014 na ndizi, wakaingia kwenye magari na maghala kabisa, na hata wao na mtaji wote ule mwaka 2023 walipunguza wafanyakazi na kubadilisha mipango. Kuhamisha chakula ni ghali, hakuna njia ya mkato.

Mbolea nayo imetufunza pande zote mbili. Wakulima waliposajiliwa kwa mfumo wa serikali na kuanza kupata meseji ya mifuko wanayostahili, bei ya ruzuku ikashuka mpaka shilingi 2,500 mwaka 2023, kulikuwa na afueni ya kweli, jina lako liko ama haliko. Halafu 2024 ikagundulika kuna mifuko iliyouzwa kwa wakulima na ndani hakuna mbolea ya maana. Meseji ilikuwa sahihi. Mfuko ndio ulikuwa wa uongo. Ni kama lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, kanuni za 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini bila mizani na mtu wa kuisimamia pale shambani gunia linashonewa kofia kama kawaida.

Mikopo ya simu nitaipitia haraka. M-Shwari, mkopo wa kupitia M-Pesa, ilipoanza 2012 ilikuwa inakata asilimia 7.5 kwa siku 30. Viazi vinakaa ardhini miezi mitatu mpaka minne. Piga hesabu mwenyewe. Kuna kampuni zinazotoa pembejeo kwa mkopo unaolipwa baada ya mavuno na hizo naziheshimu, lakini ziko chache ukilinganisha na zile za kukupigia simu siku ya 31.

Kwa hivyo startapu ikija na apu ya bei, swali langu ni moja, mkulima akikataa bei ya getini leo, atakuwa na nini kesho? Kama kuna stoo karibu, ama ushirika wenye lori, ama stakabadhi ya ghala, risiti ya mazao uliyoweka stoo, kama ile ya sheria ya 2019 ambayo mtu wa mahindi anaweza kuipeleka benki, basi hiyo meseji ni silaha. Bila hivyo inabaki habari. Kilimo kiko chini ya kaunti tangu 2013, na kaunti zinapenda sana kuzindua apu kwa sababu uzinduzi ni nusu siku na picha zinatoka vizuri. Mimi ningeambiwa nichague kati ya apu na kuweka murram kwenye ile barabara ya kwa shangazi, nachagua murram, apu ije mwaka unaofuata.