Kilomita 60 za Kijana wa Baiskeli

Mtu akikwambia betri ya baiskeli yake ya umeme inakwenda kilomita 60, kabla hujatoa hela muulize swali moja tu: inakwenda 60 ikiwa imembeba nani? Maana mimi hizo 60 niliambiwa pale Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa sauti ya kujiamini kabisa, na kijana wa kukodisha baiskeli ambaye ukimpima na viatu vyake na simu zake zote mbili hafiki kilo 55. Mimi nina 94, na hizo ni kabla ya chai. Mgongoni nina begi lenye chupa mbili kubwa za maji, taulo, kandambili na chapati za mke wangu, ambaye anaamini ukishashuka tu kwenye boti Unguja huwezi kupata chakula. Kijana ananiona, begi analiona, bado anasema 60. Na mimi nani nimbishie mwenye mali?

Sasa angalia na upande wa pili. Kuna jamaa yangu wa Dar, huyo ndo aliyenitia ujinga wa kwenda kutembea kwa baiskeli ya umeme, eti daladala zinabana, teksi za watalii, baiskeli unakodi asubuhi unaona kisiwa kizima na bado unafanya mazoezi. Nikamuuliza Paje mbali? Akasema hapo tu bana, 50, lami mwanzo mwisho. Haya. Mmoja kasema njia ni 50, mwingine kasema betri ni 60. Nyie wenyewe niambieni hesabu hapo ina kasoro gani, mbona hata chenji ya 10 inabaki. Habari ya kurudi hakuna aliyeigusa, si huyu wala yule, na wote wawili walijua fika mimi nina boti ya jioni.

Jambo la kwanza ambalo hawakuambii ni kwamba baiskeli ya umeme unapiga pedali. Mimi nilivyosikia umeme nikajua unakaa, unavuta mafuta kama bodaboda, unasalimia watu. Wapi! Hii niliyopewa haina cha kuvuta, inakusubiri wewe ukanyage ndo na yenyewe ianze kusukuma, usipokanyaga inakuangalia tu. Nikajifariji, si mbaya, nikikanyaga si ndo najaza betri? Maana baiskeli ya babu yangu ilikuwa na dainamo, ukikanyaga taa inawaka, ukisimama giza. Kumbe hii hata ukikanyaga mpaka Kizimkazi haijazi kitu, ile mota ya kwenye gurudumu la nyuma inajua kutoa tu, kupokea haijui. Hela yangu inatoka, jasho langu linatoka, na chaji nayo inatoka.

Lakini mwanzo ulikuwa mtamu jamani, siwezi kudanganya. Kijana alikuwa kaniwekea gea ya 5 ya msaada, ile ya juu kabisa, ili niondoke pale nacheka. Nikatoka Darajani nimenyooka, Mwanakwerekwe nikawapita watu na mikokoteni yao, nikapiga na kengele bila sababu yoyote. Kwenye kioo kidogo pale mbele kuna mistari mitano ya chaji, yote imejaa. Nikasema moyoni watu wa Zanzibar wameendelea.

Baada ya Tunguu ndo nikaanza kusikia kitu kinanisukuma kifuani. Ilikuwa mwezi wa saba. Wavuvi wote wa pwani hii wanajua mwezi wa saba ni kusi, linatoka kusini mashariki na halina adabu. Na Paje iko wapi ukitokea mjini? Kusini mashariki! Yaani mimi na upepo tulikuwa tunatumia barabara moja, mmoja anakuja mwingine anakwenda. Kwenye karatasi ya kukodishia waliandika faini ya kupoteza funguo, faini ya kuvunja kioo, faini ya kuchelewa, kusi halikuandikwa popote. Fundi mmoja alikuja kunieleza baadaye kwamba upepo wa usoni ukienda kasi mara mbili hauongezi taabu mara mbili, unaongeza mara nne. Nikamwambia fundi hayo sio mambo ya kumwambia mtu ameshafika.

Afu ile mistari. Sijui nani alitengeneza ile mistari lakini ana roho mbaya. Ukipanda kamwinuko kadogo tu inashuka kutoka mitatu hadi mmoja, moyo unaruka, unasimama chini ya mwembe unakunywa maji, ukiangalia tena imekuwa miwili. Unafurahi, unamshukuru Mungu, unapanda, kukanyaga mara tatu, mmoja. Nikawa nasimama kila baada ya muda ili nipate mstari, maana nilidhani betri inapumzika inapata nguvu. Kumbe betri haipati chochote, kile kioo kinapima volti, ukiikaza volti zinashuka na ukiiachia zinapanda, basi, chaji iliyomo ni ile ile. Kwa hiyo nilikuwa natiwa moyo na uongo.

Msitu wa Jozani uko kama kilomita 35 kutoka mjini, nikafika na mstari mmoja. Pale barabarani kuna matuta, madereva wanapunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wa mgongoni ambao duniani kote asili yao ni Unguja tu. Kuna mmoja alikuwa amekaa kwenye tawi la chini kabisa, anatafuna majani taratibu, ananiangalia. Nikakaa kwenye majani na mimi natafuna chapati, namwangalia. Wanasema hawa wakila majani yenye sumu wanashushia na mkaa, wanaokota jikoni kwa watu, tumbo linatulia. Nikasema basi huyu mnyama ana taarifa zake kamili, anajua anakula nini na dawa yake iko wapi, mimi nimesoma mpaka fomu foo na sijui betri yangu imebaki kiasi gani.

Nikaigeuza ile betri nisome kibandiko, jambo ambalo lingekuwa la maana kama kijana angenisomea asubuhi. Volti 36, ampea-saa 10. Zidisha unapata wati-saa 360, huo ndo mzigo wote uliomo mle ndani. Ili upate zile kilomita 60 za kijana inabidi kila kilomita moja ile wati-saa 6 tu, na hiyo inawezekana kabisa, ukiwa mwembamba, gea ya 1, hakuna upepo, miguu inafanya kazi kubwa na mota inasindikiza. Mtu wa kilo 94 na begi, gea ya 5, kusi usoni, kilomita moja inakula 9, inakula 10, na betri haina pa kukopa.

Mbele ya njia panda ya Kitogani ikazima. Haikutoa hata mlio, kioo kikawa cheusi, na ghafla nikajua uzito halisi wa kile chuma. Baiskeli ya kawaida ikikushinda unaisukuma. Hii ina kilo 25 na zaidi, ina mota, ina betri, ina matairi manene, ukiikanyaga bila umeme magoti yanaomba talaka. Barabara imenyooka, kulia vichaka na mawe, kushoto vichaka na mawe, hakuna hata pa kujificha watu wasikuone.

Na waliniona. Nyuma yangu akaja mzee, kanzu kaikunja kiunoni, baiskeli ya zamani ya chuma ile nyeusi, nyuma kafunga mzigo wa majani ya ng'ombe mpana kuliko barabara. Anakanyaga taratibuuu, wala hahemi.

Nikamwamkia, shikamoo mzee.

"Marahaba mwanangu. Mbona wakokota, pancha?"

"Hapana mzee, imekwisha chaji."

Akaiangalia baiskeli, akaniangalia mimi kuanzia juu mpaka chini.

"Na miguu nayo imekwisha chaji?"

Hakusubiri jibu. Akanipita na majani yake, na upepo ule ule.

Paje nilifika saa saba mchana, shati limebadilika rangi. Nikasema liwalo na liwe, bahari ipo, nitaogelea nisahau. Ndugu zangu, bahari haikuwepo! Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka huko kwenye mwamba, unaona mchanga na kina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, ukitaka maji ya kufika kiunoni utembee tena safari nyingine. Na juu ya hayo maji ya mbali kuna wazungu wanaruka na makaiti, yale matiara makubwa ya upepo, wanachekaaa, nikamuuliza kijana mmoja pale hawa wamefuata nini, akasema upepo kaka, huu ndo msimu wake, kuna wengine wanatoka mpaka Poland. Yaani upepo ulioniua mimi njia nzima, kuna watu wamekata tiketi ya ndege kuja kuufuata.

Nikaacha mambo ya bahari nikatafuta umeme. Hapa namshukuru Mungu chaja nilikuwa nayo, kijana alinitupia kwenye begi dakika ya mwisho. Nikaingia duka moja, bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki, feni inamzungukia. Nikabisha hodi, nikaamkia, nikaomba nichomeke. Akaitazama ile betri nilivyoikumbatia.

"Toba! Dude lote hilo? Litanimalizia tukuza yangu."

Tukuza ndo umeme wao wa kununua, huku bara tunasema luku. Nikamwambia bibi hii haili hata nusu uniti mpaka inajaa. Haamini. Nikamuonyesha pasi yake pale juu ya meza, nikamwambia hiyo pasi ni wati 1000, ukinyoosha kanzu za babu kwa nusu saa umeshakula zaidi ya betri hii nzima. Akaifikiria sana hiyo pasi, naona nimemharibia mengine huko nyumbani, akasema haya chomeka, lakini utanipa elfu 2. Elfu 2 kwa nusu uniti! Ningekuwa na nguvu ningebisha.

"Yajaa saa ngapi?"

Hapo ndo nikaisoma chaja. Ampea 2. Betri ni ya 10. Saa tano nzima! Maana yake mpaka saa kumi na mbili jioni niko dukani kwa bibi wa watu nauza biskuti, na boti yangu imeshafika Dar.

Ile taa nyekundu ya chaja haijamaliza saa moja feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme umekwenda. Mimi nimeshika kichwa, bibi wala, anajipepea na kipande cha boksi. Ananiambia wewe walia kwa hili, sisi ule waya wa baharini unaotoka bara ulipokufa mwisho wa 2009 tulikaa miezi mitatu, tumefika mwezi wa tatu 2010 twasikia majenereta ya wenye hela tu. Sasa hivi wameweka mwengine mkubwa, waja hivyo hivyo kwa chini ya maji. Nikasema bibi nakuelewa, lakini boti. Akasema boti za kesho hazipo?

Basi ikabidi daladala. Zile gari za shamba, ukienda na mzigo unawekwa juu. Konda akaja, akaizunguka baiskeli.

"Hii n'nini?"

"Baiskeli."

"Baiskeli elfu 2." Akaona waya. "Ina mota?"

"Ina mota, lakini haifanyi kazi."

"Yenye mota pikipiki hiyo yakhe, elfu 5."

"Pikipiki gani ina pedali?"

Abiria wakaingia kwenye kesi. Mama mmoja anasema baiskeli ni baiskeli, mzee mwingine anasema chochote chenye betri ni chombo cha moto, kijana wa nyuma anasema betri imekufa kwa hiyo kisheria huo ni mzigo. Wakakubaliana mzigo, elfu 3, ikapandishwa juu ikafungwa kamba katikati ya mikungu ya ndizi na gunia la mkaa. Tukaondoka, na kusi lote sasa liko mgongoni linatusukuma, upepo mzuri kabisa wa kuendeshea baiskeli, na mimi nimekaa ndani nimebanwa na ndoo ya pweza.

Mjini kijana wa kukodisha akaipokea, akawasha kioo, akatikisa kichwa.

"Bro, umeirudisha na mstari mmoja. Kuna elfu 10 ya chaji."

Nikamuuliza kwani wateja wengine wanairudisha na mingapi? Akasema mitatu, minne, wengine hata mstari mmoja hawamalizi. Nikamuuliza hao wanaendaga wapi. Akajibu bila wasiwasi wowote: wengi wanazunguka Forodhani, wanapiga picha, wanarudi.

Nikalipa, boti yenyewe ilikuwa inapiga honi. Nikaomba risiti, akaniambia mashine haina chaji.