Aproni ya mtumishi, buluu ya Bikira Maria

Ukisoma habari za sanaa ya Uholanzi ya karne ya 17, hukawii kuambiwa kwamba wachoraji wale waliamua kuwapa heshima watu wa kawaida. Ni maelezo matamu, ila yanaruka jambo la kwanza: mteja alibadilika. Mwaka 1566 Waprotestanti walivunja sanamu na picha makanisani, na Wakalvini, yaani Waprotestanti waliofuata mafundisho ya Calvin, waliposhika hatamu, soko la picha za madhabahuni likafifia. Mchoraji akabaki na wafanyabiashara na mafundi wa mjini, watu waliotaka kitu cha kutundika sebuleni, kwa kipimo cha sebule.

Ndiyo maana mchoro wa Johannes Vermeer wa mtumishi anayemimina maziwa, wa mwaka 1658 hivi, una kimo cha sentimita 45.5 na upana wa 41 tu. Lakini tazama aproni. Buluu ile inatokana na lapis lazuli, jiwe lililotoka milima ya Afghanistan, rangi ambayo picha za kidini za zamani ziliiweka kwenye joho la Bikira Maria. Kuitengeneza ni adha. Jiwe husagwa, unga wake ukachanganywa na nta, utomvu na mafuta hadi liwe donge, kisha donge hukandwa ndani ya maji ya majivu. Buluu hutoka na kutua chini, takataka hubaki kwenye donge. Mkando wa kwanza ndio bora. Mikando ya mwisho hutoa kijivujivu tu.

Waliobana matumizi walitumia smalti, yaani kioo cha kobalti kilichosagwa. Ukiisaga laini sana inapauka, kwa hiyo huachwa na chenga. Ubaya wake mkubwa huonekana baadaye: potasiamu huvuja kutoka kwenye kioo na kuingia kwenye mafuta, na anga iliyokuwa buluu ikageuka kijivu. Vermeer naye hakusalimika na rangi dhaifu. Katika mchoro wake wa kichochoro cha mji wa Delft, majani yamekuwa ya buluu kwa sababu manjano ya mimea aliyoichanganya na buluu imefifishwa na mwanga.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi huo ukawaida ulivyopangwa. Kwenye mchoro wa maziwa kuna kitundu cha pini juu kidogo ya mkono wa kulia wa mtumishi. Hufungwa uzi kwenye pini, uzi ukapakwa chaki, ukavutwa na kuachiwa. Mstari unabaki, na mistari ya dirisha inakutana hapo penye pini. Jicho lako linapelekwa kwenye mkono bila wewe kujua.

Kisha kuna vilivyofutwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 na makumbusho ya Rijksmuseum ulionyesha kwamba nyuma ya kichwa cha mtumishi palikuwa na ubao wa kutundikia majagi, na chini kulia kikapu kikubwa cha kukaushia nguo motoni. Vermeer aliviziba vyote. Huyo si mtu anayenakili jiko alivyolikuta. Akaacha ukuta mweupe, ukutani akachora msumari mmoja usioning'iniza kitu, na msumari ule akaupa kivuli chake.