Gitaa la kuishi nalo majini: chumvi kwanza, udogo baadaye

Mwaka wangu wa pili kwenye boti ya matanga, hapa hori la Kilifi, usiku mmoja nilisikia mlio kama kuni inayopasuka. Asubuhi nikafungua mkoba nikakuta daraja la gitaa langu, kile kipande cha kifuani kinachoshika nyuzi, limebanduka, nyuzi zimelivuta juu. Lilikuwa gitaa dogo la mbao tupu, si plaiwudi, tamu kulisikiliza. Nililinunua kwa kuwa linaenea kwenye rafu ya juu ya kitanda, wala sikuuliza jambo lingine.

Kwa hiyo anayeniuliza leo anunue gitaa gani la kuishi nalo botini namwambia aanze na hewa ya kabini, sentimita azipime mwisho. Gitaa la mbao hutaka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Pwani yetu huzidi hapo siku nyingi za mwaka, na masika, madirisha yakifungwa, hata mikanda ya ngozi huota ukungu. Mbao hunywa unyevu huo, kifua cha gitaa kinafura, nyuzi zinapanda mbali na shingo hadi vidole vinauma. Jua likipiga sitaha, gundi nayo hulegea. Plaiwudi huvumilia zaidi, ingawa sauti yake ni nzito kutoka.

Mimi nimehamia faiba ya kaboni na sirudi nyuma. Haifuri, haipasuki, na ikimwagikiwa na maji ya bahari naisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, naifuta, naendelea kupiga. Wapo wanaosema sauti yake haina joto la mbao. Ni kweli kidogo, ukiyapiga yote mawili dukani siku moja. Baada ya miezi sita majini, la mbao halishiki tena sauti uliyoliwekea.

Udogo nao una gharama yake. Yale yaliyochongwa membamba kama kasia hukosa besi, na shingo huinamia chini ukiiachia mkono. Guitalele ya Yamaha, gitaa la nyuzi sita lenye udogo wa ukulele, ina uzi wa sentimita 43 tu, wakati gitaa la kawaida lina kama 65. Hukazwa juu zaidi, kwa hiyo ukishika vidole vya kodi ya G inatoka kodi ya C. Kwa kuimba peke yako haidhuru. Kwangu mimi, mpenzi wa solo za rumba, vidole vinakosa nafasi kule juu ya shingo. Kiwiliwili kidogo chenye shingo ya karibu kawaida ndicho kinachonifaa.

Nyuzi za chuma nanunua zilizopakwa utando wa kuzuia kutu, na nazifuta kila nikimaliza. Nailoni haishiki kutu, ila zile tatu za besi zimezungushiwa waya nao hufifia. Na tafadhali, usifunge chuma kwenye gitaa la nailoni: chuma huvuta karibu kilo 70, nailoni karibu 40. Daraja litang'oka, na fundi wa kulirudisha yuko nchi kavu.