Beryl Burton: tumpime kwa Olimpiki aliyonyimwa au kwa saa 12 za Otley?

Jina la Beryl Burton likitajwa mbele ya wapenzi wa mbio za baiskeli, haichukui muda kabla mtu hajasikitika kwamba mama huyo wa Leeds, Uingereza, hakuwahi kushiriki Olimpiki. Masikitiko hayo yana msingi. Burton alikuwa bingwa wa dunia mara saba: mara tano uwanjani, katika mbio za kufukuzana za mita 3,000, ambapo wawili huanzia pande mbili za uwanja na kufukuzana (1959, 1960, 1962, 1963 na 1966), na mara mbili barabarani (1960 na 1967). Nyumbani alishika taji la mwanamke bora wa mbio za kushindana na saa kwa miaka 25 mfululizo, kuanzia 1959 hadi 1983. Wakati wanaume walianza kugombea medali za baiskeli katika Olimpiki mwaka 1896, wanawake walifunguliwa mlango wa barabarani mwaka 1984 kule Los Angeles, Burton akiwa ametimiza miaka 47. Mbio za kufukuzana, zile alizozitawala yeye, zikasubiri hadi Barcelona 1992.

Ilikuwa dhuluma, na haipambiki. Ninapoachana na wanaomsikitikia ni pale wanapoigeuza safari yake yote kuwa simulizi la alichokosa. Medali ambazo angepata tunazibahatisha tu, ilhali aliyoyafanya yameandikwa.

Suala la pesa ni gumu zaidi. Mwaka 1960 kampuni ya Raleigh ilitaka kumchukua awe mwendeshaji wa kulipwa, akakataa. Wapo wanaomlaumu kwa kuipiga teke riziki, na wapo wanaomsifu kwa kuupenda mchezo bila tamaa. Naona pande zote mbili zinasahau kanuni za enzi ile. Ubingwa wa dunia wa wanawake ulikuwa wa ridhaa, na mtu akishasaini kulipwa, alikuwa amejitoa. Wala hapakuwa na timu za wanawake za kulipwa za kushindana nazo. Angebaki kuvunja rekodi peke yake, kwa faida ya tangazo la baiskeli. Burton alitaka wapinzani, akachagua kubaki walipo.

Hata hivyo, chaguo hilo lilikuwa na gharama, na wanaolipamba wasiifiche. Alikuwa kibarua katika shamba la mboga la mwendeshaji mwenzake, Nim Carline, kule Morley, kazi ya kuinama na kubeba mizigo, kisha ndipo afanye mazoezi. Mumewe Charlie ndiye aliyekuwa fundi na dereva wake. Mwaka 1967 kule Heerlen, Uholanzi, Burton na Eddy Merckx, nyota wa Ubelgiji katika mbio za wanaume, walitwaa ubingwa wa dunia wa barabarani katika mashindano yaleyale. Merckx alirudi kwenye timu iliyomlipa, Burton akarudi shambani. Atakayesema kibarua ndicho kilichomjenga mwili anaweza kuwa na hoja, ila Merckx hakulazimika kujengwa hivyo.

Bidii hiyohiyo ilikuwa na upande mkali. Mwaka 1976, katika ubingwa wa taifa wa barabarani, binti yake Denise alimpita kwenye mstari wa mwisho. Jukwaani mama alikataa kumpa mkono. Maelezo yake yalikuwa kwamba Denise hakuchangia kazi ya kuongoza mbele wakiwa wamelitoroka kundi. Kiufundi ni lalamiko ambalo kila mwendeshaji analielewa, kwa sababu anayekata upepo mbele huchoka kuliko anayefuata nyuma. Lakini aliyekuwa amesimama pale ni mwanawe, na sioni sababu ya kumtetea.

Kwangu mizani inalalia Otley, mji ulio karibu na Leeds, Septemba 1967, katika mbio za saa 12, ambazo mshindi wake ni anayekwenda umbali mrefu zaidi ndani ya muda huo. Wanaume 99 waliachiwa mmoja mmoja, wa mwisho akiwa Mike McNamara. Burton akaachiwa dakika mbili nyuma yake. Baada ya maili zaidi ya 230 akamfikia. McNamara mwenyewe alikuwa njiani kuvunja rekodi ya wanaume. Burton alipokuwa akimpita alinyoosha mkono na kumpa pipi, naye akaipokea na kushukuru. Saa zilipokwisha McNamara alikuwa amemaliza maili 276.52, na Burton maili 277.25, karibu kilomita 446.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mbio za saa 12 ni utamaduni wa Waingereza. Kina Merckx hawakuzishiriki, kwa hiyo hatuwezi kusema Burton aliwashinda wanaume wote wa dunia. Nakubali. Ila medali zake saba za dhahabu zilitoka kwenye mashindano ambako wanawake walitengwa na kupewa umbali mfupi, wakati Otley ilikuwa barabara ileile, upepo uleule na saa ileile kwa wote. Hakuna aliyempunguzia wala kumwongezea. Ilipita miaka miwili ndipo mwanaume akaivuka alama yake. Kwa wanawake ilidumu hadi 2017, Alice Lethbridge alipofikisha maili 285.65, kwa baiskeli ya kizazi ambacho Burton, aliyefariki mwaka 1996 akiwa juu ya baiskeli yake, hakuwahi kuigusa.