Kizimba cha mbwa mkubwa: nafasi kwanza au uzio kwanza?

Ukiwa na mita 16 za wavu, unaweza kujenga kizimba cha mita 4 kwa 4, au cha mita 2 kwa 6. Cha kwanza kina mita za mraba 16, cha pili 12. Kwa hesabu ya darasani mraba umeshinda. Kwa mbwa wa kilo 40 ubishi ndio kwanza unaanza, kwa sababu kizimba kirefu humpa hatua kadhaa za kutimua mbio, ilhali kwenye mraba huishia kuzunguka tu.

Ila usikibane zaidi ya hapo. Kanuni za Ujerumani zinataka mbwa mwenye kimo cha begani kinachozidi sentimita 65 apewe angalau mita za mraba 10, na wa sentimita 50 hadi 65 apewe 8. Hakuna upande unaoruhusiwa kupungua mita 2 wala mara mbili ya urefu wa mwili wake. Kanuni za Marekani zinazowabana wafanyabiashara wa mbwa na maabara ni bahili zaidi: mbwa hupimwa kutoka puani hadi shina la mkia, huongezwa inchi 6, kisha jumla huzidishwa kwa yenyewe. Mbwa wa mita 1 anapata kama mita za mraba 1.3. Hapo ni pa kujinyoosha, si pa kuishi.

Wanaotetea nafasi kubwa wana hoja nzito. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, na kizimba kidogo humlazimisha. Lakini wanapodai kwamba uwanja mpana unamfanyisha mazoezi, hapo siwafuati. Uwanja wote ule, naye utamkuta amelala langoni akisubiri mtu. Kinachomchosha ni kutembezwa. Ndiyo maana, fedha zikiwa chache, mimi nakata eneo hadi karibu na kile kiwango cha Ujerumani, na kinachobaki nakiweka kwenye uzio. Udogo wa kizimba unafidiwa na matembezi ya kila siku. Uzio dhaifu hauna cha kuufidia siku mbwa akiwa barabarani.

Kwenye urefu wa kwenda juu, Wajerumani hawakutaja mita. Wamesema mbwa akisimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele isifike ukingo wa juu. Kipimo hicho ni rahisi kufanya nyumbani: msimamishe ukutani, weka alama kucha zinapoishia, kisha ongeza. Mita 1.8 huwatosha wengi. Mbwa wa aina ya Malinois huparamia, kwa hiyo huyo fikiria kumwezekea wavu juu.

Wavu wa kusukwa unauzwa kwa geji, na namba ikipanda waya unakuwa mwembamba: geji 9 ni karibu milimita 3.7, geji 12.5 ni kama 2.5. Huu hunepa mbwa anapouegemea, na matundu yake ni ngazi ya vidole. Wavu wa kuchomelewa hausogei, lakini kiungo kimoja kikiachia, mbwa anayetafuna waya atamalizia kazi, na meno yake ya chonge yatalika.

Ukuta mzima basi? Hauparamiwi wala hautafunwi, na mbwa asipowaona wapita njia hubweka kidogo. Gharama yake ni upweke na joto, maana upepo nao umezibwa. Kanuni zile zile za Ujerumani zinadai angalau upande mmoja umwezeshe mbwa kuona nje. Ningeziba upande wa barabara na kuacha wavu upande wa nyumba, anakotazama watu wake.

Uzio wa umeme usioonekana, yaani waya uliofukiwa na kola inayomshtua mbwa akiukaribia, nauruka haraka: hauzuii mbwa mwingine kuingia.

Chini, mbwa mchimbaji huzuiwa na wavu uliolazwa sentimita 45 hadi 60 kuelekea ndani na kufukiwa. Sakafu ya zege huoshwa vizuri na haifugi mayai ya minyoo kama udongo, lakini mbwa mzito akiilalia bila kitanda huota sugu viwikoni.

Lango lifungukie ndani. Mbwa akilisukuma kwa kilo zake zote, anazidi kuligandamiza kwenye fremu badala ya kulipima nguvu komeo.