Nilivyofika Ghuba ya Guinea Nikiwa Kitandani Mbagala

Kwa kuwa jirani yangu wa meza ameshawasimulia kwamba nilinaswa melini na mchumba wa mtu, nalazimika kusema mwenyewe: hapakuwa na meli wala mchumba, bali kitanda changu cha Mbagala na programu ya kughushi mahali.

Ofisini kwetu Posta tunajiandikisha kwa simu, nayo husoma GPS kuhakikisha kwamba umefika kweli. Ijumaa usingizi ulinizidi nguvu, nikapakua programu hiyo kutoka kwenye kiungo kilichozagaa katika kundi la WhatsApp, kisha nikaingia kwenye mipangilio ya simu na kubonyeza nambari ya muundo mara 7 kama nilivyoelekezwa ili simu ikubali mahali pa kughushi, na simu ikanitangaza kuwa msanidi programu. (Mama bado hajaambiwa kuhusu cheo hicho.) Programu iliomba ruhusa ya kusoma ujumbe wangu na majina yote ya simuni, nami nikaitikia kila ombi kama mtu anayesema amina kwa dua asiyoisikia. Nilichosahau ni kubandika alama pale Posta kwenye ramani ya programu, ili ijue pa kunisingizia.

Jumatatu, mbele ya idara nzima, afisa utumishi aliwasha projekta na kuonyesha ramani. Nukta za wenzangu zilirundikana Posta kama nzi kwenye embe. Akasogeza ramani polepole, Dar es Salaam ikawa ndogo, Tanzania ikawa ndogo, Kongo ikapita, na mimi nikaanza kuhisi jasho likishuka mgongoni tone moja moja, hadi ikatokea nukta moja pweke katika Bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 500 kusini mwa Ghana. Latitudo sifuri, longitudo sifuri: mahali palipowahi kutiwa nanga boya la kupimia hali ya hewa, na sasa mimi.

"Mdogo wangu," akauliza kwa upole uliozidi ukali, "huku ulifika saa 1:50 asubuhi kwa ngalawa au kwa kuogelea?"

Nikamjibu, "Shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia mlangoni. (Mnaocheka, nawaona.)

Yaliyobaki ni mafupi: barua ya onyo, kijana wa TEHAMA kukuta programu ikisoma hata namba za uthibitisho za benki, simu kufutwa yote, nywila kubadilishwa usiku kucha. Leo mlinzi wa getini amenipigia saluti na kuniuliza, "Nahodha, bahari imetulia?"